Kupenda Nje Ukubwani: Namna Ubongo Unavyojifunza Upya

Muulize mtu wa mjini mwenye miaka thelathini kwa nini hapendi kukaa nje. Majibu hayakawii: jua kali, vumbi, jasho, mbu, halafu muda wenyewe uko wapi? Ukimdadisi zaidi atakuambia jambo jingine kabisa: "Mimi si mtu wa mambo hayo." Yaani kutembea msituni, kukaa chini ya mti bila kazi yoyote au kuangalia ndege ni mambo ya watu fulani waliozaliwa hivyo. Watalii, labda. Au watoto. Au wale walioajiriwa na hifadhi.

Hapo ndipo sayansi inapotofautiana naye. Kupenda nje si kipaji, na hakuna umri ambao mlango wake hufungwa. Ni jambo ambalo ubongo hujifunza, kama wengi walivyojifunza kupenda kahawa chungu au pilipili. Hakuna aliyezaliwa akiipenda pilipili. Ila kuna tatizo moja: wengi wetu, kabla ya kufundishwa kupenda nje, tulifundishwa kwanza kuichukia.

Somo la kwanza tulilipata shuleni

Kumbuka adhabu za shule. Umechelewa namba? Fyeka nyasi. Umepiga kelele darasani? Ng'oa kisiki. Umeshindwa hesabu? Mwagilia bustani ya mwalimu. Aliyefanya vizuri alibaki kivulini na daftari lake, aliyekosea alipelekwa juani na fyekeo. Nyumbani nako nje kulimaanisha kuni, maji, palizi na kuchunga. Wazazi wakasisitiza: soma kwa bidii usije ukaishia kushika jembe. Ujumbe ulikuwa wazi. Kufanikiwa ni kuingia ndani, kwenye ofisi yenye kiyoyozi na gari lililofungwa vioo.

Wanasaikolojia wanalijua vizuri somo la aina hii. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha kwamba mbwa anayesikia sauti fulani kila anapokaribia kupewa chakula huanza kudondosha mate kwa kusikia sauti tu, hata chakula kisipokuwepo. Ubongo umeoanisha vitu viwili: kimoja kikitokea, unajiandaa kwa kingine. Sasa, ukioanisha harufu ya nyasi mbichi na aibu ya kuadhibiwa mbele ya wenzako kwa miaka saba ya msingi, usishangae mwili ukisita kila unaposikia neno "bustani".

Je, somo hilo linafutika? Hapa Pavlov aliona jambo la kuvutia. Akiacha kutoa chakula baada ya sauti, mate yalipungua hadi yakakoma. Lakini akimpumzisha mbwa kwa muda, kisha akampigia sauti ile tena, mate yalirudi. Utafiti wa miaka ya baadaye umethibitisha jambo hilo kwa wanyama na kwa binadamu: somo la zamani halifutwi, bali somo jipya hujengwa juu yake, na yote mawili hushindana. Tena somo jipya hushikamana sana na mahali lilipopatikana.

Kwa anayejifunza kupenda nje, hii ina maana mbili. Kwanza, ukiwa umezoea kutembea kila Jumamosi halafu wiki tatu zikapita bila kutoka, ule uvivu wa zamani utarudi. Usijihukumu kuwa umeshindwa, ndivyo ubongo unavyofanya kazi. Pili, usifanyie mazoezi mahali pamoja tu. Leo ufukweni, kesho kwenye miti ya chuoni, wiki ijayo kilimani, ili somo jipya lisibaki limefungwa kwenye kona moja ya mji.

Utabiri wetu una kasoro

Sababu ya pili inayotuweka ndani ni kwamba hatujui kukadiria furaha yetu wenyewe. Elizabeth Nisbet na John Zelenski walilichunguza jambo hili katika Chuo Kikuu cha Carleton, jijini Ottawa, Kanada, na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Chuo hicho kina mahandaki yanayounganisha majengo, ili watu wasipite kwenye baridi. Baadhi ya washiriki walitembea humo ndani, wengine wakatembea nje karibu na maji na miti. Kabla ya kuanza, wengine waliombwa wakadirie watakavyojisikia baada ya matembezi.

Waliotembea nje walirudi wakiwa na furaha zaidi kuliko waliotembea ndani, jambo ambalo labda ungelitarajia. Lakini sikiliza hili: watu walikadiria furaha ya nje kuwa ndogo kuliko ile waliyoipata kweli. Utabiri ulikuwa chini ya uhalisia.

Angalia mtego uliopo. Unakadiria kwamba kutoka nje hakutakuwa na raha, kwa hiyo hutoki. Kwa kuwa hutoki, ubongo haupati taarifa mpya ya kusahihisha makadirio yake. Kwa kuwa haujasahihishwa, kesho unakadiria vilevile. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka ishirini, akiamini kwa dhati kuwa anajijua, kumbe anategemea taarifa za darasa la tano.

Habari njema ni kwamba kasoro hiyohiyo inaweza kuwa mlango wa kutokea. Wolfram Schultz na wenzake, katika tafiti maarufu za miaka ya 1990, walirekodi seli za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, ile kemikali ambayo mitaani huitwa kemikali ya raha. Nyani akipewa tone la sharubati bila kutegemea, seli zililipuka kwa shughuli. Akishazoea kwamba taa ikiwaka sharubati inakuja, seli ziliitikia taa, na sharubati yenyewe ikawa jambo la kawaida. Sharubati aliyoitegemea isipokuja, shughuli za seli zilishuka. Kwa ufupi, seli hizo hazipimi raha peke yake. Zinapima tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata, na tofauti hiyo ndiyo inayouambia ubongo: badilisha makadirio.

Tukiunganisha mambo haya mawili, tunapata pendekezo lenye mantiki, ingawa msitu si tone la sharubati na binadamu si nyani wa maabara. Anayeanza ana nafasi nzuri ya kushangazwa. Anatarajia kidogo, akipata zaidi ya alichotarajia, ubongo unaandika upya. Ndiyo maana ni hatari kuanza na jambo kubwa. Ukijiandaa miezi sita kupanda mlima, ukanunua viatu vya bei na kujaza kichwa picha za mitandaoni, matarajio yanakuwa makubwa mno. Mvua ikinyesha siku hiyo, utashuka ukiwa umejifunza kinyume cha ulichokusudia. Dakika ishirini chini ya mwembe zinafundisha vizuri zaidi.

Mwili nao unafundishika

Tafiti nyingi kuhusu faida za kukaa nje zimefanyika katika nchi za baridi. Huku kwetu Pwani, kikwazo cha kwanza ni joto, hasa joto lenye unyevu, maana jasho lisipokauka halipozi mwili. Lakini hata hapo kuna jambo la kujifunza, na safari hii anayejifunza ni mwili.

Mtu anayejizoeza kwenye joto kila siku kwa wiki moja hadi mbili hubadilika kwa namna inayopimika. Jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi zaidi, chumvi inayopotea ndani yake hupungua, majimaji ya damu huongezeka na moyo hupiga taratibu kwa kazi ileile. Anayeshinda kwenye kiyoyozi hukosa zoezi hilo, kwa hiyo akitoka saa nane mchana anateseka kweli, wala hadeki. Ila asidhani mateso hayo ni tabia yake ya kudumu. Akianza asubuhi na mapema na kuongeza dakika kidogokidogo, wiki ya pili haitakuwa kama ya kwanza. Akiacha kwa wiki kadhaa, mwili unasahau, na itabidi aanze tena pole pole.

Mwanga nao una kazi yake. Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Ofisi yenye taa nzuri ina luksi kama 300 hadi 500. Nje, hata ukiwa kivulini mchana, unapata maelfu, na kwenye jua la wazi zinaweza kukaribia 100,000. Macho yetu huzoea haraka, kwa hiyo hatuioni tofauti hiyo kwa ukubwa wake, ila ubongo unaijua. Nyuma ya jicho kuna seli chache zenye kemikali iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha picha bali kuiarifu saa ya mwili kwamba kumekucha. Mwaka 2013, Kenneth Wright na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichapisha utafiti wa watu wanane waliopiga kambi milimani kwa wiki moja bila taa za umeme. Melatonini, homoni inayoutayarisha mwili kulala, ilianza kupanda mapema kwa takriban saa mbili ikilinganishwa na maisha yao ya kawaida. Watu wanane ni wachache, lakini mwelekeo wake unalingana na tunachokijua kuhusu saa ya mwili. Kama unakesha na simu halafu asubuhi unajikokota, nusu saa ya mwanga wa asubuhi ni jambo la kujaribu kabla ya kulalamikia godoro.

Kuna pia suala la umakini. Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walitofautisha aina mbili za kuzingatia. Ya kwanza ni ya kujilazimisha: kusoma mkataba, kuandika tasnifu, kuvuka barabara yenye bodaboda. Hiyo inachosha. Ya pili haihitaji nguvu: majani yanayotikisika, mawimbi, mawingu. Vitu hivyo vinavuta macho taratibu bila kudai jibu, na wakati huo ile ya kwanza inapumzika. Mwaka 2008, Marc Berman, John Jonides na Stephen Kaplan walionyesha kuwa watu waliotembea kama saa moja kwenye bustani ya miti walifanya vizuri zaidi jaribio la kukariri tarakimu kinyumenyume kuliko walipotembea katikati ya mji. Hali ya hewa haikuwa sharti, hata kwenye baridi faida ilionekana. Kwa hiyo usisubiri hadi upende ndipo utoke. Faida nyingine zinaanza kabla ya mapenzi.

Ukijua jina, unaanza kuona

Lalamiko kubwa la wanaoanza ni hili: "Nimetoka, nimekaa, sasa?" Kwao nje ni ukuta wa kijani usio na habari. Tatizo hapo ni msamiati. Mtu asiyejua mpira akitazama mechi huona watu ishirini na wawili wakikimbizana tu. Ukimfundisha nani anacheza namba ngapi na kuotea ni nini, mechi ileile inakuwa hadithi.

Anza na vilivyo karibu. Kunguru mwenye shingo ya kijivu anayekuibia samaki Dar es Salaam asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, leo ametapakaa pwani yote. Mkrismasi unaowaka maua mekundu kila mwisho wa mwaka asili yake ni Madagaska. Mbayuwayu unaowaona kwenye nyaya za umeme miezi ya mwisho wa mwaka, baadhi yao wametoka kuzaliana Ulaya. Mnana dume husuka kiota kwa majani, kisha hujinadi akipigapiga mabawa. Jike huja kukagua, na kiota kikikataliwa mara nyingi dume hukibomoa na kuanza upya. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, anatafuta maji matamu ndani ya maua.

Ukishajua matano hayo, njia ya kwenda kituo cha daladala haitakuwa ileile. Kisha kuna msaada wa bure: programu ya iNaturalist hukusaidia kutambua mmea au mdudu kwa picha, na Merlin husaidia kutambua ndege wengi. Simu uliyodhani ni adui inakuwa mwalimu, mradi ukishapata jina uirudishe mfukoni.

Si kila hofu ni ya kupuuzwa

Makala nyingi za aina hii husahau kusema kwamba wakati mwingine ubongo umekadiria sawasawa. Mwanamke anayekataa kutembea peke yake kichakani jioni hana kosa la utabiri, ana taarifa sahihi. Vivyo hivyo mbu: wale wa malaria huuma zaidi usiku, lakini wale wa dengue, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea jioni. Mikono mirefu na dawa ya kupaka ni sehemu ya mavazi. Na jua la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ni kali kwa kila mtu. Kwa ndugu zetu wenye ualbino ni suala la uhai, kwa sababu ya hatari ya saratani ya ngozi. Kofia pana, nguo ndefu na kivuli ni lazima, wala asiwepo wa kuwashinikiza.

Ndiyo maana kujifunza kupenda nje si kazi ya mtu mmoja tu. Msitu wa Karura jijini Nairobi ni mfano mzuri. Una ukubwa wa hekta zaidi ya 1,000. Miaka ya 1990 ulikuwa hatarini kugawanywa kwa wajenzi, na mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti kuupinga mpango huo. Msitu ulinusurika, lakini kwa miaka mingi bado wakazi waliuogopa kwa sababu ya uhalifu. Kilichobadilisha hali ni uzio, walinzi wakiwemo watu wa jamii za jirani, na njia zenye alama. Leo familia huenda kutembea na kuendesha baiskeli. Wakazi wa Nairobi hawakubadilika hulka. Mahali palibadilika, na watu wakapata nafasi ya kurekebisha makadirio yao. Kila uwanja wa wazi unaovamiwa na kujengwa maduka katika miji yetu ni darasa linalofungwa.

Mwezi mmoja wa majaribio

Basi ukitaka kujaribu, jaribu kisayansi. Kabla ya kutoka, andika namba kati ya sifuri na kumi: unakadiria utajisikiaje ukirudi? Ukirudi, andika ulivyojisikia kweli. Fanya hivyo mwezi mzima, halafu linganisha safu mbili. Hapo utakuwa na takwimu zako mwenyewe, si za Ottawa.

Wiki ya kwanza, dakika kumi na tano tu, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, mahali pa karibu unapoweza kufika bila nauli. Usifanye mazoezi ya kutoka jasho ikiwa huyapendi. Kukaa kunatosha. Wiki ya pili, jifunze majina matano ya vitu vinavyoishi hapo. Wiki ya tatu, badilisha mahali: Coco Beach mapema kabla ya umati, miti ya Mlimani, au kokote penye kivuli mjini kwako. Wiki ya nne, nenda na mtu. Nairobi, Nature Kenya huandaa matembezi ya kuangalia ndege asubuhi ya Jumatano. Kwingine, rafiki mmoja mvumilivu anatosha. Wakazi wa Dar wanaweza hata kufika kwenye msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, kipande cha misitu ya kale ya Pwani chenye mimea isiyopatikana popote pengine duniani.

Kiasi gani kinatosha? Mathew White na wenzake walichambua majibu ya watu karibu 20,000 nchini Uingereza na kuyachapisha mwaka 2019. Waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha, iwe wamezitumia kwa mkupuo au kwa vipande. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kuwa nje ndiyo chanzo, maana wenye afya nao ndio wanaoweza kutoka. Lakini dakika 120 ni kama kumi na saba kwa siku. Ni fupi kuliko foleni ya daladala.

Na namba zako zikionyesha mwisho wa mwezi kwamba kweli hukufurahia? Angalia kwanza ulitoka saa ngapi, wapi na na nani, ubadilishe kimoja, urudie. Mtafiti hatupi nadharia kwa jaribio moja lililofanyika saa saba mchana mwezi wa pili. Mtihani wa kufyeka nyasi ulidumu miaka saba, kwa hiyo hili jipya lipe walau msimu mmoja wa mvua.